Aliyekataa Kuzima Njia ya Zamani

Taarifa ya kifo chake ilinikuta kwa fundi viatu pale Mfaranyaki, mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine ukiwa juu ya kipande cha boksi. Aliyenipigia simu ni jirani yake wa kule Msamala. Alinisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza na habari za mvua, nikajua kuna jambo analizunguka. Kisha akasema, "Kaka, yule bwana wa mitandao hatunaye. Presha imemwangusha asubuhi. Hospitali tumemfikisha, lakini hakuamka." Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba safu hii haina mkono wa tanzia. Marehemu wetu tukishawaweka gazetini huwa wote wapole, wote wacheshi, wote wacha Mungu, mpaka unajiuliza wale wanaotukorofisha mitaani huwa wanafia wapi. Huyu hakuwa mpole. Alikuwa mbishi, mwenye maneno mengi, na alipenda sana kuitwa Injinia. Ninamlilia kwa dhati, na kwa sababu ninamlilia nitamwandika kama alivyokuwa.

Kwao ni Iringa, Mhehe kwa kabila, na hapa Songea aliishi kwa miaka mingi katikati ya watani wake Wangoni, ambao hawakumpa nafasi ya kupumua. Yeye akijiita Injinia, wao walimwita Fundi Redio. Siku ya kumuaga, kabla gari halijaondoka na mwili kwenda kuzikwa kwao, mama mmoja wa Kingoni anayekaa nyumba ya pili kutoka kwake alitokea uani akiwa amevaa koti la kahawia la marehemu, tai ya marehemu shingoni, simu sikioni, tumbo amelisukuma mbele kama alivyokuwa akitembea mwenyewe. Akapita mbele ya jeneza akipaza sauti: "Lusewa, mnanipata? Msizime kitu! Nasema msizime kitu, mniulize kwanza!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mjane naye akacheka, na kicheko chake kikageuka kilio, akina mama wakamshika. Ndiyo kazi ya watani msibani, kuufungua moyo uliojifunga. Mgeni mmoja aliyetoka Dar es Salaam aliniuliza maneno yale yana maana gani. Gari lilikuwa tayari limewashwa, sikupata nafasi ya kumjibu. Basi namjibu hapa.

Marehemu alikuwa msimamizi wa mtandao wa kompyuta katika shirika moja la afya ambalo sitalitaja. Lina hospitali hapa mjini na vituo vilivyotawanyika kuelekea mashariki: Namtumbo, Lusewa, na huko mbali kwenye mikorosho, Nalasi. Kila kituo kina ruta, kile kisanduku chenye vitaa kinachoamua taarifa ipite njia gani ili ifike inakokwenda. Tangu mtandao ule ulipojengwa, ruta zake zilitafuta njia kwa utaratibu mmoja wa kizamani, na ikafika siku ukatakiwa kubadilishwa uwekwe mwingine. Majina ya taratibu hizo mbili ni vifupisho vya herufi za Kizungu, sitawachosha navyo. Tofauti yake alinieleza siku moja kwenye mgahawa ulio karibu na stendi, kwa sauti iliyowafanya wanywa chai wa meza ya pili nao wageuke kusikiliza.

"Mwandishi," aliniambia, "ule wa zamani ni kama kumuuliza njia mtu wa huku kwenu. Unamwuliza kijiji fulani kiko wapi, anakwambia hapo mbele tu. Hapo mbele tu kuna mlima, kuna mto, kuna daraja limesombwa, yeye hajali. Anachohesabu ni vijiji vya kupita. Na hata hivyo vijiji hajavifika, ameambiwa na jirani yake, naye jirani ameambiwa na mwingine." Kwa hiyo, akasema, ruta ya hapa mjini haikuijua Nalasi hata kidogo. Iliamini uvumi wa jirani. Ikipewa njia nyembamba yenye vituo vichache na njia pana yenye vituo vingi, ilichukua nyembamba, na jirani mmoja akikatika, habari ya kukatika kwake ilizunguka taratibu mpaka watu wakakata tamaa. Utaratibu mpya ulifanya jambo jingine. Kila ruta ilitangaza kwa wenzake wote mambo ya mlangoni kwake tu: nimeungana na fulani, na njia yetu ni pana au ni nyembamba. Matangazo yale yakiwafikia wote, kila mmoja anajichorea ramani nzima na kuchagua mwenyewe. "Hakuna kusema ya mbali usiyoyaona," alisema, akafuta miwani yake kwa ncha ya tai. Niliwaza kwamba kama taratibu za aina ile zingewekwa mitaani kwetu, misiba na harusi zingepungua maneno.

Haja ya kubadilisha ilikuwa kubwa. Vituo vilikuwa vimepata mashine za eksirei, na picha za eksirei ni nzito. Daktari bingwa wa mifupa yuko hapa mjini, vituoni wako matabibu, kwa hiyo picha ilipaswa isafiri ili mgonjwa asisafiri bure. Kwa njia ya zamani picha ilitumwa asubuhi na daktari akaisubiri mpaka akaenda kula. Mkurugenzi wa shirika, mama mwenye akili nyingi na haraka nyingi, alitaka kazi ifanyike bila kuchelewa, na haraka yake ilikuwa ya haki. Mshauri aliyeletwa kutoka nje ya mkoa alipendekeza jambo ambalo katika kazi ile ni la kawaida: ingojewe usiku watu wakiwa wamelala, utaratibu wa zamani ufutwe kote, mpya uwekwe, watu wakiamka wakute mambo tayari.

Injinia alikataa yote mawili. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyenisimulia kikao kile, akitikisa kichwa. Marehemu alisimama, akarekebisha tai, akasema, "Mama, usiku kila kitu kinafanya kazi kwa sababu hakuna anayekitumia. Mimi nataka mchana. Kila kituo kiwe na mtu kwenye simu, na wagonjwa wawepo. Kikiharibika, nataka aniambie mwenye shida yake." Kisha akasema kwamba wa zamani hataufuta. Ataweka mpya juu yake, ruta ziutii mpya, lakini wa zamani uendelee kufanya kazi chini kwa chini mpaka kila kituo kithibitishe kimevuka salama, hata kama itachukua msimu mzima wa mvua. Mshauri alisema huko ni kulimbikiza takataka. Mkurugenzi akamwambia, "Baba, usiache mbachao kwa msala upitao ni methali ya wazee, siyo ya mitambo." Naye akajibu, "Mama, mbachao nitauacha. Nitauacha wa mwisho akishapata pa kukaa." Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama akamkubalia, akamwambia wazi kwamba mgonjwa yeyote akiumia kwa ajili ya ubishi wake, atalibeba mwenyewe.

Alinialika siku ile niende nikaone. Alisema naandika siasa kila wiki, nije nishuhudie watu wakihamishwa nyumba bila kulala nje. Nilifika asubuhi, mvua ya kutwa ikinyesha, mlima Matogoro hauonekani kwa ukungu. Alikuwa amevaa lile koti la kahawia kama anakwenda kusimamia ndoa. Mkurugenzi alikuwepo, mshauri alikuwepo, daktari wa mifupa alikuwa chumba cha pili akingoja picha za siku. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa inayoonyesha vituo vyote, kila kimoja na taa yake ya kijani. Injinia alianza na Namtumbo. Aliandika amri zake, akangoja, akapiga simu, akauliza kama mfumo wa kusajili wagonjwa unafunguka, akauliza kama picha zinatoka. Wakimjibu zinatoka, anawaomba watume moja aione kwa macho. Hapo ndipo anakwenda kituo kinachofuata. Mshauri alikuwa akitazama saa yake, nami kusema kweli nilikuwa nikipiga miayo.

Lusewa ilivuka vizuri. Kule simu ya mkononi inashika kwa shida, inabidi usogee karibu na mashine ya kusaga, kwa hiyo nesi mmoja alikuwa amesimama huko na simu, na tabibu alikuwa ndani ya kituo. Nesi alipokezana habari na mwenzake kwa kuitana uwanjani. Tuliposikia Lusewa iko salama, Injinia akahamia Nalasi. Alipokuwa anaigusa Nalasi, mtandao ulisita kidogo, muda wa kukohoa tu, jambo alilolitarajia na alilokuwa ametuambia mapema. Halafu taa ya Lusewa pale ukutani ikawa nyekundu. Tukangoja irudi. Haikurudi. Nesi akapiga, na nyuma yake mashine ya kusaga inaunguruma. "Baba, huku tuna mgonjwa ameletwa sasa hivi. Mzee mmoja mkulima wa tumbaku, ameanguka kutoka juu ya bani lake la kukaushia akitengeneza paa. Ameangukia shingo. Tabibu alikuwa anatuma picha, imefika katikati imekwama." Daktari wa mifupa alitoka chumbani kwake aliposikia neno shingo. Akachukua simu, akauliza mgonjwa amewekwaje. Nesi akasema ndugu zake wameshakodi gari, wanataka wamkalishe katikati ya vijana wawili wamlete Songea, wanasema hawawezi kukaa kungoja picha ambayo haifiki. Daktari akasema asiguswe kwanza. Hakuweza kusema zaidi kwa sababu hakuwa ameona kitu. Kama shingo ilikuwa nzima, kumchelewesha ni kumtesa. Kama ilikuwa imevunjika, kumkalisha kwenye barabara ile ya mashimo na matope ni kumuua.

Injinia alichukua simu. Hapo ndipo aliposema, kwa sauti ambayo jengo zima liliisikia, maneno yaliyokuja kuigizwa msibani. "Lusewa, mnanipata? Msizime kitu! Mniulize kwanza!"  Nesi akasema, bila ubaya wowote, "Baba, tabibu ameshazima. Picha ilipokwama akazima ruta, akangoja, akawasha. Ndivyo tunavyofanya siku zote mtandao ukigoma. Si wewe ulitufundisha?" Pale ofisini kila mtu alimtazama. Na ilikuwa kweli. Miaka ya nyuma, utaratibu wa zamani ulipokuwa ukikwama na barabara hazipitiki, yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia na kuwaambia wazime, wasubiri, wawashe. Ilisaidia mara nyingi kiasi cha kuwa desturi, na katika mipango yake yote ya siku ile, alikuwa amesahau kuwafutia desturi hiyo vichwani. Alivua miwani akasema, "Kweli. Nimewafundisha mwenyewe." Hakumkaripia nesi wala hakumtafuta tabibu amseme. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, na nadhani ni wachache ambao wangesema sentensi ile mbele ya bosi wao na mshauri wa kulipwa.

Tatizo lilikuwa hili. Amri mpya za Lusewa alikuwa hajazihifadhi kwenye ruta, kwa kuwa alitaka kwanza vituo vyote vithibitishe. Ilipozimwa ikasahau yote ya asubuhi, ikaamka na akili yake ya zamani, inatafuta njia kwa kuuliza majirani kama ilivyokuwa ikifanya tangu siku ya kwanza. Kama majirani wangekuwa wameshafutiwa utaratibu ule, kama mshauri alivyotaka, Lusewa ingeuliza njia na asipatikane wa kuijibu, na mtu angelazimika kwenda na gari mpaka kule kuirekebisha, kwenye mvua ile. Mkurugenzi alikuwa amesimama ameshika kiti. Injinia yeye aliketi, akaikunja mikono yake. "Tusubiri," alisema. "Namtumbo bado anaikumbuka lugha yake." Tulisubiri. Sijui ni muda gani. Najua kwamba daktari alikuwa ameirudia simu, anamwambia nesi arudie kwa ndugu wa mgonjwa kwamba wampe nafasi kidogo tu. Kisha taa ya Lusewa ikawa ya kijani.

Mkurugenzi akauliza, "Imepita wapi?" Akajibiwa, "Imepita kule kule kwa zamani, Mama." Picha ilitumwa upya na ikaja kwa mwendo wake wa zamani, kipande baada ya kipande, daktari akiinama mbele ya kompyuta kama mtu anayesoma barua ya mbali. Ilipofika shingoni akaweka kidole kwenye skrini. Kulikuwa na ufa. Akamwambia nesi mgonjwa asikalishwe, afungwe shingo, alazwe juu ya ubao mgumu, gari liende pole. Ubao haukuwepo. Ndugu zake wakang'oa mlango wa stoo ya tumbaku, wakamlaza juu yake, na ndivyo alivyoletwa Songea.

Injinia hakutamba siku ile. Alitamba baadaye, tena sana, na kila alipotamba watani wake walimkumbusha nani aliyewafundisha Lusewa kuzima. Wiki zilizofuata alizunguka vituo vyote yeye mwenyewe, mvua ikimnyeshea na tai yake, akiwafundisha watu kusahau alichowafundisha. Utaratibu wa zamani aliuacha ukifanya kazi mpaka kituo cha mwisho kilipothibitisha, na ndipo akaufuta, mchana, kila mtu akiwa kwenye simu. Siku hizi picha ya kutoka Nalasi inafika daktari akiwa bado anavaa koti lake. Lakini marehemu hakuwa mtu wa kukamilisha mambo mapema. Nyumba yake ya Msamala ameiacha bila dari, na mkewe ana haki ya kumlaumu.

Nimelifikiria sana jambo lile tangu tulipomuaga. Tunaishi katika majira ya kuhamishwa. Kila ofisi ina mfumo mpya, na kila mfumo mpya unaanza kwa kuufunga mlango wa zamani. Mama aliyetoka kijijini na karatasi zake zote sahihi anaambiwa dirishani, "Siku hizi ni kwa mfumo, mama," na akiuliza mfumo uko wapi anaambiwa leo unasumbua, aje kesho. Kesho yake ni nauli nyingine na shamba jingine halijapaliliwa. Wanaobuni mambo haya siyo watu wabaya, na mara nyingi jipya lao ni bora kweli kuliko la zamani. Ila wanapima mafanikio kwa yule wa kwanza aliyevuka, wanapiga picha naye, wanaandika taarifa. Na sisi tulio mjini, ambao simu zetu zinashika tukiwa vitandani, tunapiga makofi. Marehemu alipima kwa yule wa mwisho, tena hata yule wa mwisho ambaye hakufuata maelekezo, aliyezima asichopaswa kuzima kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea. Aliamini kwamba watu watakosea, yeye akiwa wa kwanza, na akaacha nafasi ya kosa hilo kabla halijatokea. Ufundi wa kompyuta unafundishwa vyuoni. Huo mwingine sijui aliupata wapi.

Juzi nilikwenda kumpa pole tena mjane wake. Nilimkuta na mgeni, mzee mrefu ameketi wima sana, asiyeweza kugeuza kichwa bila kugeuza na mabega. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anatazama mbele. Alikuwa ametoka Lusewa. Taarifa za msiba zilimfikia, lakini akachelewa, barabara ilikuwa imekatika, na alipofika jeneza lilikuwa limeshaondoka. Mjane akamwuliza kama alimfahamu mume wake. Mzee akafikiri. "Hapana, mwanangu. Sikuwahi kumwona," alisema. "Tabibu wetu ndiye aliyenieleza. Alisema siku ile nilipoanguka, wenzake walitaka waendelee, kuna mtu mmoja akakaa akanisubiri."

Atakayetaka kujua kama mabadiliko aliyoyaleta ni mema, asiwaulize waliofika mapema. Amtafute aliyesubiriwa.